Bastola ya Shemeji

Ndugu wasomaji, najua wapo watakaofungua ukurasa huu wakaguna. Jarida letu limezoea habari za harusi, misiba, watoto wanaohitimu, namna ya kupika visheti kwa unga wa huku, na malalamiko ya bei ya tiketi ya kwenda nyumbani mwezi wa Desemba. Mimi leo naomba ruhusa niandike juu ya bastola, tena bastola iliyokuwa inakataa kula risasi alizozijaza mwenyewe mwenye bastola. Wenzetu mlioko Uingereza mnisamehe. Huko, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996, sheria za mwaka 1997 zilizipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia, na haya nitakayoyaeleza mtayasoma kama ngano. Sisi tulioko Texas tunaishi na vitu hivi kama tunavyoishi na joto na mbu. Usipokuwa nacho wewe, jirani anacho, na iko siku shemeji yako atakuja nacho akakiweka juu ya meza yako.

Mimi mwenyewe si mpenzi wa bunduki. Nilishika SMG nikiwa JKT mwaka 1987, nikaifungua na kuifunga kama tulivyofundishwa, nikapiga risasi nilizohesabiwa, nikarudisha maganda kwa hesabu ileile, maana ganda moja likipotea kikosi kizima hakilali. Nilipotoka sikutamani kuishika tena. Ninachokipenda mimi ni vyuma. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa fundi wa kuchonga vyuma hapa Houston, katika karakana ya vipuri vya mitambo ya kuchimbia mafuta, na maikromita kwangu ni kama mwiko kwa mpishi. Ndiyo sababu shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, bastola yake ilipomshinda hakwenda kwa waliomuuzia. Alikuja kwangu.

Shemeji ni mtu wa Uvira. Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akakulia kambini Nyarugusu, akaja Marekani kwa mpango wa wakimbizi, na sasa ni raia. Mdogo wangu, msichana wa Tanga, alikutana naye hapahapa Houston, wote wawili wakifanya kazi ya kutunza wazee. Kiswahili chake ni cha ng'ambo ya pili ya ziwa, na mimi ananiita "bofrere", neno walilolitoa kwenye Kifaransa wakalifanya lao.

"Bofrere," aliniambia, "hii kitu iko na shetani. Inameza moja, inameza mbili, ya tatu inakwama."

Hapo nyumbani kwao hali ilikuwa imekwisha kuchafuka kabla sijaitwa. Alianza kujaza risasi mwaka 2021, wakati ule wa korona risasi zilipoadimika madukani na bei yake ikapaa. Yeye ni mtu wa mashindano ya kulenga shabaha ya mwisho wa wiki, na mchezo huo unakula risasi kama mtoto anavyokula karanga. Akanunua mashine ya kujazia akaifunga kwenye kona ya meza ya jikoni. Mdogo wangu alivumilia. Kisha siku moja shule ya mtoto wao ikapiga simu: mtoto wa miaka sita amekutwa na ganda tupu la risasi mfukoni. Kwa shule za huku, ndugu zangu, hilo si jambo la kucheka. Aliitwa mama, akaitwa baba, zikaandikwa karatasi. Mdogo wangu akarudi na neno moja: hadi mwisho wa mwezi, ama kitu hicho kiwe kimetoka jikoni kwangu na kinafanya kazi kama kinavyotakiwa, ama kiuzwe, mashine na bastola pamoja. Kwa hiyo aliposema bastola ina shetani, nilijua nyuma ya shetani yuko mdogo wangu na tarehe.

Kabla sijaenda mbali, nieleze maneno. Kiswahili chetu kinasema "risasi" kwa kitu kizima na kwa ile risasi yenyewe inayoruka, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mimi nitasema risasi nikiwa na maana ya kitu kizima. Ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichokazwa mdomoni. Ukishapiga, ganda linabaki. Anayejaza mwenyewe huliokota, hulisafisha, hulipitisha kwenye kalibu lirudie umbo lake, hutia fataki mpya, hupanua mdomo wake kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa, humimina baruti iliyopimwa, hukalisha kichwa, kisha huubana ule mdomo urudi ulivyokuwa. Sheria ya serikali kuu ya hapa inakuruhusu kufanya hivyo bila leseni kwa matumizi yako mwenyewe. Ukitaka kuuza ndipo leseni inapohitajika. Nyumbani ni habari nyingine kabisa. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, kwa hiyo tafadhali msimtumie binamu ukurasa huu kama zawadi.

Wala kazi yenyewe si ngeni kwetu. Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi, na gobori kila mara hujazwa na mwenye kulipiga. Hata neno letu la kujaza bunduki, kushindilia, limetoka huko. Babu alimimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kipimo chake cha mwanzi, akaitia mtutuni, akafuatisha pamba, akashindilia kwa ufito wa chuma, akatia gololi, akashindilia tena, na fataki ikawa ya mwisho. Katikati ya kazi hiyo hakuitikia salamu. Ukimsemesha alipokuwa anamimina, alirudisha baruti yote kwenye pembe akaanza upya, na wewe ukaambiwa uondoke. Jirani yake mmoja alikuwa na vidole viwili tu katika mkono wa kushoto, na kijijini hakuna aliyeuliza sababu.

Sasa bastola. Ya shemeji ni ya kujijaza yenyewe, ya milimita tisa, risasi ile ambayo Mwaustria Georg Luger aliitoa mwaka 1902, na leo ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni katika bastola. Ukiipiga, nguvu ileile inayosukuma kichwa mbele inaisukuma slaidi nyuma, ile sehemu ya juu inayokwenda na kurudi. Kulabu ndogo inalichomoa ganda tupu, ganda linarushwa nje. Kisha springi iliyo chini ya mtutu inairudisha slaidi mbele, nayo ikirudi inaikomba risasi ya juu kwenye magazini, inaipandisha kimteremko kifupi, inaiingiza chemba na kufunga mlango. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila hatua ni mahali pa kukwama.

Na kukwama si kwa aina moja. Hili ndilo jambo la kwanza nililomuuliza shemeji: inapokwama, inakwama imekaaje? Hakujua. Alichokifanya kila ilipokwama ni kuipiga slaidi kofi kwa nyuma mpaka ifunge, kisha akaendelea. Nikamwambia aache kabisa. Kukwama ni bastola inakusemesha, na wewe unaipiga kofi la mdomo. Isitoshe, risasi iliyolazimishwa kuingia mahali pasipoitosha unaweza kuipiga ikaleta shinikizo lisilotarajiwa, au ukashindwa kuitoa, ukabaki na bastola yenye risasi hai iliyojifunga ndani.

Kiwanjani walikuwa wamekwisha kumtibu. Kule kila mtu ni daktari. Mmoja alimwambia ana mkono mlegevu. Ugonjwa huo upo kweli, maana kifundo kikilegea bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi inakosa nguvu ya kumaliza safari. Mwingine akamwambia abadilishe springi, naye akabadilisha. Wa tatu akamshauri achukue mashine ya kusugulia aung'arishe ule mteremko mpaka ajione sura. Namshukuru Mungu hakufika huko. Mteremko ukilika kupita kiasi, sehemu ya chini ya ganda inakosa chuma cha kuishikilia, na ganda lisiloshikiliwa linaweza kupasuka. Chuma kikishaondoka hakirudi.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda kiwanjani mimi na yeye. Ana magazini tatu. Niliziandika namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, moja, mbili, tatu, kwa sababu magazini zisizo na majina haziwezi kushitakiwa. Tukanunua boksi la risasi za kiwandani, tukapiga kumi na tano kwa kila magazini. Arobaini na tano zote zilipita bila neno. Bastola ileile, mkono uleule, springi ileile. Kisha tukatia zake. Katika thelathini, saba zilikwama.

Safari hii alitazama. Hakukuwa na risasi hata moja iliyoinamisha pua chini mbele ya magazini. Hiyo ingetupeleka kwenye midomo ya magazini au springi yake, au kwenye risasi fupi mno. Hakukuwa na ganda tupu lililobanwa wima kama dohani ya meli. Hilo ingekuwa slaidi haikurudi nyuma ya kutosha, labda baruti kidogo, labda kulabu, labda huo mkono mlegevu. Zote saba zilikuwa zimeingia chemba karibu yote, na slaidi imebakiza unene wa sarafu mbili hivi kufunga. Mara saba, jambo lilelile. Risasi ilikuwa inafika mlangoni na haitoshi kuingia.

Tulirudi gereji kwangu. Bastola ikafunguliwa, ikahakikishwa tupu na mimi, ikahakikishwa tupu na yeye, mtutu ukatolewa ukawa peke yake mkononi. Jaribio lenyewe halihitaji kifaa chochote. Unashika mtutu ukiwa umeelekea chini, unaidondosha risasi chemba kwa uzito wake. Iliyo nzuri inaanguka na kulia "ko!", ukiizungusha kwa kidole inazunguka, ukigeuza mtutu inatoka yenyewe. Ya kiwandani ililia ko. Ya shemeji iliteremka kimya, ikasimama imebakiza sehemu nje, na nilipogeuza mtutu ilining'inia palepale. Tukarudia kwa nyingine ishirini. Tano tu ndizo zilizolia.

Nikamwambia alete kalamu ya wino mweusi ya mwanawe. Tukaipaka risasi moja wino mzima, kichwa na mdomo wa ganda, tukaitia chemba, tukaizungusha kidogo, tukaitoa. Wino ulikuwa umekwaruzwa sehemu moja: kwenye mabega ya kichwa, pale kinapoanza kuwa kinene, mikwaruzo midogo iliyopangana sawasawa kuzunguka. Mikwaruzo hiyo ni mistari ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa kinaporuka. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kinagonga mistari kabla ganda halijafika mwisho wa chemba. Wino ungekwaruzwa kwenye mdomo wa ganda, ningesema mdomo haujabanwa vizuri baada ya kupanuliwa, nalo ni kosa la kawaida sana. Mdomo wa risasi hii haupaswi kuzidi milimita 9.65. Tulipima, mingi ilikuwa 9.6, safi. Watu wengine wakisikia hivyo huamua kuubana zaidi na zaidi, wakasahau kwamba risasi ya milimita tisa huegemea mdomo wake huohuo mwishoni mwa chemba. Ukiubana kupita kiasi unaiondolea mahali pa kuegemea.

"Urefu uliupata wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa amepewa na rafiki yake wa kiwanjani, karatasi yenye vipimo vyote. Risasi zote zilikuwa na milimita 29.3 au karibu na hapo. Urefu wa juu kabisa uliowekwa kwa risasi hii ni inchi 1.169, yaani milimita 29.7, kwa hiyo karatasi haikuwa na uongo. Ilikuwa kweli kwa bastola ya yule rafiki na kichwa cha yule rafiki. Kichwa alichonunua shemeji kina uzito uleule, greini 124, ila mabega yake ni mapana na pua yake butu, na mtutu wake una koo fupi. Mitutu haina koo sawa, kama watu. Nilikalisha risasi moja isiyo na baruti wala fataki ndani zaidi, kidogo kidogo, nikiidondosha chemba kila mara, mpaka ikalia ko na kuzunguka. Ilikuwa milimita 28.6. Nikaondoa tena sehemu nne za kumi za milimita, ili uchafu kidogo na tofauti ya kichwa na kichwa zisilete ugomvi. Milimita 28.2.

Shemeji alifurahi. Ugonjwa umepatikana, dawa imepatikana, tena dawa rahisi. Alikuwa na risasi 280 zilizokwisha kujazwa, na mashindano yalikuwa Jumamosi inayofuata. Akasema basi tuzipitishe zote kwenye mashine, tuvisukume vichwa ndani hiyo milimita moja, saa moja tumemaliza.

Nilikataa. Tulibishana, na sitaandika yote tuliyosemezana, kwani yeye ni shemeji na mimi ni mkubwa. Lakini nilichomweleza ni hiki. Tairi la gari lako lina shinikizo la paundi 35 hivi kwa inchi ya mraba. Risasi hii kikomo chake ni paundi 35,000. Yaani tairi elfu moja, ndani ya kitu kidogo kuliko kidole cha mwisho, kimeshikwa mbele ya uso wako. Nafasi yote ndani ya ganda haifiki sentimita moja ya ujazo, na sehemu ya nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa na kitako cha kichwa. Ukikisukuma kichwa ndani milimita moja zaidi, baruti ni ileile lakini chumba kimekuwa kidogo, na baruti isiyo na moshi si kama baruti nyeusi ya babu. Inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi, na inavyowaka kwa kasi ndivyo inavyozidi kubana. Risasi ya milimita tisa ni mojawapo ya zinazoona mabadiliko haya haraka. Ile karatasi ya rafiki ilikuwa na kipimo cha baruti karibu na kiwango cha juu, kwa ule urefu wake. Kwa urefu mpya kipimo hicho hakina mtu wa kukidhamini. Ilibidi vichwa ving'olewe, baruti imwagwe, na kazi ianze tena kutoka kipimo cha chini kabisa kilichomo kwenye kitabu cha watengenezaji.

"Zote?" akauliza.

Zote.

Kuna nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa. Unaitia risasi ndani yake, unaigonga chini kwa nguvu, kichwa kinachomoka na baruti inabaki kwenye kikombe. Wengine huchomoka kwa pigo moja, wengine kwa matano. Risasi 280 zilituchukua jioni tatu, kwa zamu, tumevaa miwani, kila tulipomaliza tukinawa mikono mpaka viwiko kwa sababu ya vumbi la risasi, ambalo kwa mtoto wa miaka sita ni sumu hata likija kwenye nguo za baba. Baruti hatukuirudisha kwenye chupa yake, maana baruti iliyokwisha kuzungukazunguka haina cheti. Vichwa na maganda tuliviweka kando.

Jioni ya pili, kati ya pigo na pigo, shemeji aliniambia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia, na nimemwomba ruhusa kuliandika. Walipokuwa wanakimbia kuelekea ziwani mwaka ule wa 1996 walikuta kizuizi cha barabarani. Mwenye bunduki alikuwa kijana, anasema labda alimzidi yeye miaka minne. Baba yake mdogo aliambiwa apige magoti. Kijana akavuta kifyatulio, pakalia kitu kidogo tu. Akavuta kombeo, akalipiga kofi, likagoma, risasi imekwama. Mkubwa wake akaja akamtukana kwa kutoisafisha bunduki, wakaanza kugombana wao kwa wao, na katika ugomvi ule watu wakapita. Baba yake mdogo bado yuko hai, yuko Kigoma.

Nilimuuliza kwa nini basi mtu aliyeona hivyo anapenda kitu hiki. Alipiga nyundo mara mbili kabla ya kujibu. Alisema utoto wake wote bunduki ilikuwa kitu ambacho wengine walikijua na yeye hakukijua. Kisha akaniomba nimpe nyingine.

Jioni hiyohiyo, kwa kuwa kalipa ilikuwa mkononi, nilimwomba anionyeshe na zile za kiwandani anazoziweka kwenye bastola ya nyumbani, bastola nyingine anayolala nayo karibu. Alizitoa kumi na tano. Kumi na nne zilikuwa na urefu mmoja, milimita 29.4 hivi. Moja ilikuwa 28.1. Nilidhani nimesoma vibaya, nikapima tena mara mbili.

Ilikuwa rahisi kuelewa alipoeleza. Kwa ajili ya mtoto, kila asubuhi anaitoa risasi ya chembani na kuifungia bastola tupu. Kila usiku anairudisha, risasi ileile, juu ya magazini ileile, anaachia slaidi inaikomba. Kila usiku pua ya risasi ile inagongwa kwenye mteremko, na kila pigo linakisukuma kichwa ndani kidogo, hata nywele moja. Amefanya hivyo zaidi ya mwaka. Hakuna kosa lolote alilolifanya kwa mtazamo wa mtu wa kawaida. Alikuwa anamlinda mtoto. Lakini risasi ambayo angeipiga kwanza kabisa, usiku, katika taharuki, ndiyo iliyokuwa imejibana zaidi ya milimita moja. Wengi wenu mnaofanya kazi za ulinzi huku mna desturi hiyohiyo ya kutoa na kurudisha, kwa hiyo nawaomba leo jioni mzisimamishe risasi zenu mezani kwa mstari, mtazame kama ipo iliyo fupi. Jicho linaiona hata bila kalipa. Ile fupi isirudi kwenye bastola tena.

Mdogo wangu alikuja kutuletea chai wakati tunaitazama, akitoka kujiandaa kwa zamu ya usiku. Aliuliza ni nini. Shemeji alimwonyesha zile mbili, ndefu na fupi, akamweleza mwenyewe kwa maneno yake, hakuficha. Aliisikiliza yote. Akauliza bastola hiyo kuanzia leo inalala wapi. Siku ya pili yake shemeji alinunua kisanduku cha chuma cha namba, cha kufungwa ukutani, bastola inaingia na risasi zake na haitolewi kila siku. Mashine ya kujazia ilihamia gereji kwangu, na maganda yote yanahesabiwa yakiingia na kutoka, kama JKT. Hakusema kwamba amefurahi. Tarehe ya mwisho wa mwezi ilipita bila kutajwa.

Mashindano hayo ya Jumamosi shemeji hakwenda. Tulijaza kumi kwanza, kipimo cha chini cha kitabu, milimita 28.2, kila moja ikadondoshwa kwenye mtutu kabla ya kuwekwa boksini. Tukaenda kuzipiga, tukatazama maganda yanavyotoka na fataki zinavyoonekana. Slaidi ilikuwa inafanya kazi, kivivu kidogo, ganda linaangukia karibu na mguu. Tukapanda kidogo ndani ya mipaka ya kitabu, tukajaza kumi nyingine, ganda likaanza kuruka hatua mbili. Hapo ndipo tulipojaza hamsini. Alikuwa ananyamaza anapomimina, na simu yake ameiacha ndani ya gari bila mimi kumwambia.

Katika zile hamsini, arobaini na tisa zilipita. Moja ilikwama, na shemeji hakuipiga kofi. Alishusha mtutu uelekee kwenye kifusi, akatazama, akaniita. Pua ilikuwa imeinama chini, mbele ya magazini, haijapanda kabisa. Hiyo haikuwa ya urefu. Tukasoma namba nyekundu: mbili. Tukaijaza tena ileile, ikakwama tena kwenye risasi ya mwishomwisho, springi ikiwa imekwisha kuchoka kusukuma. Siku ile ya kwanza haikutuonyesha, kwa kuwa tuliijaza mara moja tu. Springi mpya inauzwa kama dola nane, lakini midomo ya magazini yenyewe nayo ilikuwa imepanuka upande mmoja, kwa hiyo tumeiweka kando pamoja na zile fupi.